Kati ya Lenzi na Maiki

Jumanne, 1 Julai

Nimefuta vumbi kwenye kamera, nimechaji betri zote mbili, nimekaa kuhariri harusi ya Jumamosi iliyopita. Bibi harusi analia vizuri. Bwana harusi anatazama simu. Nimeikata hiyo ya simu.

Vumbi la mwezi huu haliishi. Nikifuta asubuhi, saa sita limerudi. Upepo umeanza kweli. Bati la jirani linagonga kutwa nzima kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Orodha bado iko ukutani juu ya meza. Niliiandika wiki niliyonunua kamera, mwaka wa tatu sasa. Lenzi ya milimita hamsini. Maiki. Stendi ya miguu mitatu isiyotikisika. Filta ya kupunguza jua. Betri ya tatu. Taa ndogo. Hakuna hata kimoja nilichokifuta.

Leo nimeitazama mpaka ikaacha kuwa orodha. Ikawa filamu yangu. Mama amepiga magoti mbele ya jiwe, anasaga uwele, anaimba. Unga unashuka polepole. Nyuma yake ukuta umeyeyuka, ua umeyeyuka, mbuzi ni madoa ya rangi tu. Umebaki uso wake. Hiyo ni kazi ya lenzi ya hamsini. Lenzi iliyokuja na kamera haijui kuyeyusha kitu, inaonyesha vyote sawasawa, Mama na ndoo na mbuzi.

Dakika kumi tu. Nimeiota mara nyingi hadi naona kama nilishaipiga.

Alhamisi, 3 Julai

Hospitali na Mama. Rovu lake la shingoni limekua. Nilikuwa naliona kila nikienda kwake Ilongero, na nilikuwa najizoeza kutoliona.

Daktari ni kijana mpole. Alimwamkia shikamoo kabla ya kumgusa shingo. Amesema lazima apasuliwe, Dodoma, Jumanne ya tarehe 22. Kisha akasema kwa utaratibu kwamba mishipa ya sauti inapita hapo hapo. Mara nyingi sauti inabaki ilivyokuwa. Wakati mwingine inabadilika. Kuna wachache ambao hairudi.

Mama aliuliza, "Nitameza?"

"Utameza vizuri, mama."

"Basi."

Njia nzima akazungumzia maharage. Mimi sikusikia hata neno.

Nyimbo zake ni zile za kusagia, za Kinyaturu, alizofundishwa na bibi. Siku hizi kila mtu anapeleka nafaka mashine. Mama naye anapeleka, lakini uwele wa uji anausaga mwenyewe kwenye jiwe nyuma ya nyumba, na akisaga anaimba. Nilipokuwa mdogo wanawake wa viambo vingine walikuwa wanakuja na nafaka zao ili tu wasage karibu naye.

Ninaogopa. Na nina aibu. Kitu cha kwanza nilichokiwaza pale kwa daktari hakikuwa shingo yake. Kilikuwa filamu.

Jumamosi, 5 Julai

Leo sina harusi. Nimelala chali na kutazama dari.

Shemeji Hamisi, mume wa mdogo wangu, anaendesha lori. Jumatano anatoka Dar na atapita Kariakoo kabla ya kuondoka. Nina uwezo wa kumwagiza kitu kimoja.

Nikaanza kufuta. Stendi: nitapanga matofali. Filta: nitapiga asubuhi jua likiwa bado laini. Taa: ya nini nje? Betri: mbili zitatosha. Vikabaki viwili, lenzi na maiki, vikitazamana.

Nimejaribu kufikiri kama mtu mzima. Kamera ina maiki yake ndogo kwa ndani. Inasikia. Kwenye harusi inasikia hotuba, inasikia vigelegele. Lakini haina jicho la kuyeyusha. Basi lenzi.

Ukweli ni kwamba moyo ulishaamua kabla sijaanza kufikiri. Nilikuwa natafuta sababu tu.

Jumatatu, 7 Julai

Nimempigia Hamisi. Nimemtajia jina la lenzi herufi kwa herufi.

Akasema, "Mimi mambo yenu siyajui, shemeji. Lakini kwa Mama si mnafuata sauti yake?"

Nikamwambia kamera inasikia. Akasema haya.

Neno lake limenikaa. Nimelisogeza pembeni.

Ijumaa, 11 Julai

Shelui, kumpokea Hamisi. Malori yamejipanga hadi mwisho wa macho. Hamisi alikuwa ameifunga lenzi ndani ya sweta lake kama mtoto mchanga. Hakukaa, mzigo wake unasubiriwa Mwanza.

Sikuweza kungoja kufika nyumbani. Nikaiweka kwenye kamera pale pale barabarani. Mama mmoja anauza vitunguu. Nikamwomba, akakubali. Nikazungusha fokasi na malori yote nyuma yake yakaondoka. Yamekuwa maji. Mekundu, ya bluu, yanaelea. Uso wake ukaja mbele peke yake, kila mkunjo, kama mtu anayeamka.

Nimefurahi mno. Kwenye basi nimeishika mapajani njia nzima. Vijiji vikipita dirishani nilikuwa naviyeyusha kwa macho tu, bila kamera.

Jumapili, 13 Julai

Ilongero. Baada ya ibada.

Mama alivaa kitenge chake cha kijani bila kuambiwa. Mjomba Andrea, kaka yake, alikuja kutoka kiambo cha pili akiwa na kiti chake mwenyewe ili atazame. Alikuwa fundi baiskeli miaka yote, kitu chochote chenye nati kinamvuta. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba aione lenzi. Aliishika kwa vidole viwili kama yai.

Nikapanga matofali. Mama akapiga magoti. Akaanza.

Picha ni ile niliyoiota. Sikosi hata kidogo nikisema hivyo. Ua umeyeyuka. Unga unaanguka kama moshi unaoshuka. Mikono yake inaingia kwenye mwanga na kutoka.

Nikavaa hedifoni kusikiliza.

Upepo. Upepo tu. Ni kama mtu anachana turubai masikio yote mawili. Mama yuko nyuma yake mbali sana, anatokea mwisho wa mstari, neno moja, kisha anafunikwa tena.

Tukajaribu ndani ya nyumba. Jiwe ni kubwa, haliingii. Nikamketisha kwenye kiti. Aliimba mistari miwili akanyamaza. "Siwezi kuimba nimekaa kama mgeni," akasema.

Tukarudi nje. Tukangoja upepo upungue. Haukupungua. Tulikaa hadi kitenge kikajaa vumbi, Mama akainuka akaenda kupika.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeitazama video bila sauti. Nzuri mno. Mwanamke anafungua mdomo na kuufumba.

Najichukia leo.

Hamisi hatarudi Dar kabla ya tarehe 22. Nimezunguka maduka yote ya mjini. Kuna maiki za kwaya, za kushika mkononi, zenye waya unaokatika ukiutazama. Ile ndefu nyembamba, ya kuelekezwa kama fimbo, hakuna.

Miaka mitatu nilisema nasubiri vifaa. Mama alikuwa anaimba kila wiki miaka yote hiyo. Hakuna kifaa nilichokuwa nasubiri. Nilikuwa naipenda tu ile ndoto, na ndoto haikunidai chochote.

Nimelala mchana. Nikaota niko Shelui, malori yanaelea, Mama yuko ndani ya mojawapo na kioo kimefungwa.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kwa Shabani. Baba yake anauza vitambaa chini, yeye ana studio ghorofani. Anarekodi kaswida na matangazo ya maduka. Nilikumbuka aliwahi kunionyesha maiki ndefu ambayo haitumii.

Ipo. Kwenye boksi lake. Alipoona nimebeba lenzi, macho yake yakabaki hapo. Hakutaka kitu kingine.

"Dada Sabina, umeitumia mara ngapi?"

"Siku mbili."

"Utaililia hii."

"Nitalia. Lete maiki."

Aliniongezea waya mrefu na sponji ya kuivisha, bila kuombwa. Manyoya ya kuzuia upepo yalishapotea, akasema, hajui yalipo. Ni muungwana. Nilimpa lenzi nikashuka ngazi haraka kabla sijaiona ikiwekwa kwenye kamera yake.

Nimeijaribu uani. Bati linagonga, upepo unavuma. Sponji haitoshi. Turubai bado linachanika, ila sasa mchanaji amesogea mbali kidogo.

Jumatano, 16 Julai

Mjomba Andrea alikuwa anakwenda mnadani Mtinko kutafuta spoki. Nikaenda naye. Sikuwa na mpango, nilitaka kuwa mahali penye kelele.

Kwenye rundo la mitumba nikaona koti la mtoto. Zito, la nchi yenye baridi ambayo sitaijua. Kofia yake imezungushiwa manyoya marefu, laini, rangi ya majivu. Nikatia vidole. Nikapuliza. Manyoya yakalala, yakainuka, na chini yake hakuna kilichotikisika.

Muuzaji akauliza mtoto ana miaka mingapi. Nikasema minne. Sina mtoto. Sijui kwa nini nilisema minne.

Mchana, kwa Mjomba. Amekata manyoya, ameyashona kuwa soksi kwa sindano ya magunia, mishono midogo midogo iliyonyooka. Akaivisha maiki. Kisha akachukua pampu ya baiskeli akawa anaipiga upepo, mimi nimevaa hedifoni nimefumba macho.

Nilisikia kuku. Nilisikia yeye anavyohema akipampu. Upepo wa pampu ulikuwa kama mtu anapitisha khanga juu ya kitanda.

Nilicheka. Mjomba akacheka bila kujua cha kuchekea. Alikuwa na manyoya kwenye nyusi.

Ijumaa, 18 Julai

Tumepata.

Mjomba alikata mwanzi mrefu akaifunga maiki kwenye ncha. Alisimama akaunyoosha juu ya Mama, nje ya fremu, mikono imeinuliwa. Mtu wa miaka sabini na zaidi. Nilimwambia apumzike, akatikisa kichwa tu ili asiingie kwenye sauti.

Lenzi ya zamani. Vyote vinaonekana. Ndoo inaonekana, ukuta wenye nyufa, mbuzi anatafuna kamba. Nilifikiri vitaniudhi. Sikuviona.

Sauti ya Mama kwenye hedifoni haikuwa mbele yangu. Ilikuwa ndani ya kichwa changu, imekaa. Nilisikia jiwe likizunguka chini yake na punje zikivunjika. Nilisikia pumzi anayoivuta kabla ya mstari mrefu. Sijawahi kuisikia pumzi hiyo, na nimekaa na mwanamke huyu maisha yangu yote. Upepo ulikuwepo lakini ulikuwa mbali, kama ng'ombe wanaopita nyuma ya kilima.

Aliimba nyimbo sita. Sikutazama fremu hata mara moja. Nikitazama sasa, nusu ya wimbo wa tatu kichwa chake kimekatika juu. Acha ikae hivyo.

Mjomba alipoteremsha mwanzi mikono haikushuka. Mama aliinuka, akamshika viwiko, akaikunja mikono yake polepole, huku na huku, kama anafungua mlango ulioshika kutu.

Jumapili, 20 Julai

Basi la Dodoma. Mama dirishani. Ameimba kidogo kidogo, mdomo umefungwa. Sikurekodi. Nilimwegemea nikalala.

Jumanne, 22 Julai

Wameingia naye saa tatu. Wametoka naye saa saba. Yuko hai.

Siandiki zaidi.

Ijumaa, 25 Julai

Amefungua mdomo aombe uji, imetoka pumzi. Pumzi tu, yenye umbo la maneno. Muuguzi akasema ni kawaida siku za kwanza. Daktari wa hapa amesema mshipa mmoja umeguswa. Sauti inaweza kurudi baada ya miezi. Inaweza isirudi yote. Inaweza isirudi.

Mama alinitazama ninavyomsikiliza daktari. Akanigusa mkono, akaonyesha bakuli. Anameza vizuri.

Nimekwenda kulia karibu na mabomba ya kufulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua akasogea, akaniachia nafasi, akaendelea kufua. Nilimshukuru kwa kutoniuliza.

Jumatano, 30 Julai

Tumerudi. Mjomba alikuwa amefagia ua. Amepanga kuni. Alimwamkia dada yake, akasubiri aitikiwe, akasikia ile pumzi. Alivua kofia. Akaivaa tena. Akaenda kuwatazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Jumamosi, 9 Agosti

Kidonda kimekauka vizuri. Nimekuja na video kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekwepa kumwonyesha, nikawa natafuta sababu. Leo ameiomba mwenyewe.

Nilimvisha hedifoni juu ya kitambaa cha kichwani. Akakaa wima. Nilikuwa natazama uso wake kama ninavyotazama fremu, nikasubiri machozi. Hayakuja. Alitazama nyimbo zote sita kama mtu anayekagua shamba. Mara moja alisonya.

Ilipokwisha aliinua hedifoni sikio moja.

"Umekata?" Kwa ile pumzi. Ilibidi niiname.

Nikasema sijakata hata sekunde.

"Wimbo wa nne kuna ubeti haupo."

Nikasema labda ameusahau.

"Sijausahau. Sikuuimba. Andrea alikuwa hapo na ule mwanzi wake."

Nikaupata ubeti kwa vipande, nimeinama, sikio karibu na mdomo wake. Msichana aliyeolewa mbali anasaga na kumwuliza kaka yake: wale ng'ombe waliokuja kwa ajili yangu wanaendeleaje? Wamezaa? Mke uliyemwoa kwa ng'ombe hao, anajua walipita mgongoni kwa nani? Ukinywa maziwa yao asubuhi, unanikumbuka?

Mjomba alioa kwa ng'ombe wa mahari ya Mama. Hilo nalijua tangu utoto, kama mtu anavyojua rangi ya mlango wa kwao. Sikuwahi kuliweka karibu na wimbo.

Nikauliza kama Mjomba anaujua ubeti huo.

"Anaujua. Kila mtu anaujua. Hauimbwi yeye akiwepo."

"Hata mara moja?"

Akatikisa kichwa. Kisha akanivuta tena.

"Kesho anawahi kanisani."

Nikamwambia, Mama, sauti. Sikujua namna nyingine ya kusema. Akaweka kidole kwenye kovu, akafikiri.

"Hiyo soksi yako si inasikia vitu vidogo?"

Jumapili, 10 Agosti

Tumefunga mlango na dirisha. Nimemtoa kuku. Ndani hakuna upepo, nikaivua maiki manyoya yake, nikaiweka juu ya mito miwili, shubiri moja kutoka mdomoni mwa Mama.

Hakutaka aonekane. Nikafunika lenzi kwa kifuniko chake, nikawasha kamera hivyo hivyo.

Alikaa kwenye kile kiti alichokikataa mwezi uliopita. Bado hawezi kuinamia jiwe. Mkono wake ukawa unakwenda mbele na kurudi juu ya goti, mbele na kurudi, na kitenge kikawa kinatoa sauti kidogo kwenye goti. Akaanza.

Si kuimba nilikokujua. Hakuna kupanda wala kushuka. Ni pumzi inayotembea kwa mwendo wa wimbo, inakwama, inapita. Kwenye neno la ng'ombe kulitokea kitu kidogo, uzi wa sauti halisi, kisha ukapotea. Aliusikia. Nami niliusikia. Hakusimama.

Alirudia ubeti mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amefumba macho na hakuwa ananiimbia mimi.

Alipomaliza nilingoja. Kwenye hedifoni kulikuwa na yeye anayehema, na mbali sana nje mtu anaita ng'ombe.

Nikazima. Akaonyesha mlango nikafungua. Mwanga ukaingia hadi miguuni pake, na kuku naye.

Mjomba alikuja baadaye kutoka kanisani. Akaketi karibu na dada yake akamweleza mahubiri yote, na nani hakuja, na nani amefiwa. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, kama yeye. Mama alikuwa anamtazama. Akamsogezea bakuli la uji.

Nimelihifadhi faili. Dakika nne, picha nyeusi.